Saba ya Uru Mara Tatu

Norris Entwistle alijaribu mchezo wake kwa watu mia mbili na kumi na nne kabla hajaupeleka Blackpool. Najua idadi hiyo kwa sababu aliiandika nyuma ya kalenda ya duka la rangi, na kwa sababu mtu wa kwanza kabisa nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa daktari wake wa meno. Waliobaki wote walikuwa watu wa foleni: foleni ya posta, foleni ya basi, foleni ya samaki na chipsi. Watu wa Lancashire hawapendi kusumbuliwa, ila wakiwa kwenye foleni hawana pa kwenda.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Norris anatandaza karata mezani, ndefu kama utepe. Unachukua moja, unaiangalia, unairudisha popote. Hapo Norris anatia mikono yake mfukoni na haitoi tena. Unazikata karata wewe mwenyewe, mara moja, mara mbili, mara kumi ukipenda. Unakata mara ya mwisho, unafunua ya juu. Ni ile ile yako.

Mikono iliingia mfukoni kwa sababu haikuwa na kazi nyingine. Norris alikuwa na miaka sabini na sita. Miaka arobaini alikuwa fundi wa mabasi mchana, na jioni anaonyesha mazingaombwe kwenye vilabu vya wafanyakazi, na sasa baridi yabisi ilikuwa imemkakamaza vidole hata kufunga vifungo vya shati kulimchukua taarifa nzima ya habari. Daktari, si yule wa meno, alimwambia kwamba mwaka ujao karata atazitazama tu.

"Nataka wauone mara moja," aliniambia. "Mara moja tu."

"Kina nani? Watu mia mbili wameuona."

"Hao watu wa foleni. Nasema wenyewe. Wale wanaojua ugumu wa kutofanya kitu."

Wenyewe ni wanamazingaombwe. Kila Februari chama chetu hukutana Blackpool siku tatu, watu mia tatu na ushee, wakati bahari iko rangi ya maji ya kuoshea vyombo na hakuna mwenye akili anayekwenda ufukweni. Asubuhi kuna mihadhara, mchana mashindano, jioni maonyesho. Mimi huuza kamba na vitambaa vya hariri kwenye meza iliyo karibu na vyoo. Norris nimembebea mizigo miaka kumi na miwili.

Sasa kuna jambo moja kuhusu zile karata, na ni lazima nilieleze. Moja kati yake ilikuwa nene. Zilikuwa karata mbili zilizogandishwa kwa gundi, juu ikiwa saba ya uru. Hiyo Norris aliiita mtumishi. Mtumishi anafanyaje kazi sitasema. Nimekula na watu hawa miaka thelathini na mmoja, siwezi kuwalipa hivyo. Jua tu kwamba ukichukua karata yoyote nyingine, mtumishi anafanya kazi yake. Ukimchukua mtumishi mwenyewe, hakuna wa kufanya kazi, na mchezo hauna hata mwanzo.

Na kwa kuwa ilikuwa nene, haikulala vizuri na wenzake. Zikitandazwa, yenyewe huchomoza kidogo. Norris hakujali. Katika watu mia mbili na kumi na nne hakuna hata mmoja aliyeigusa. Mtu wa kawaida akiona karata imejitokeza mbele yake anaitilia shaka. Anaipita kama unavyompita mtu usiyemjua anayekuita kwa jina stendi.

Tulifikia kwa Bi Threlfall, kama kila mwaka. Ni mama mwenye nyumba ya wageni ya vyumba tisa, na kwenye ukuta wa chumba cha kulia ameandika kwa herufi kubwa: HAKUNA KARATA WAKATI WA CHAI. Norris alijaribu kumfanya awe wa mia mbili na kumi na tano.

"Chagua moja tu, Bi Threlfall."

"Kipenzi changu," akasema bila kugeuka, "mwaka huu nimeshachagua mara arobaini, na ni Ijumaa tu. Unataka maharage au hutaki?"

Mashindano ya karata na michezo ya mezani yalikuwa Jumamosi saa nane mchana. Kila mshindani ana dakika nane, kisha inawaka taa nyekundu. Wa kuchagua karata anatoka ukumbini kwa kura ya namba za viti, ili mtu asije na mjomba wake. Kabla ya Norris alipanda jukwaani Glenys Hardcastle wa Halifax. Mezani pake palikuwa na kikombe cha chai, na ndani ya kikombe akatoa miavuli midogo ishirini na mitatu, mmoja mmoja, yote imefunguka. Niliihesabu. Glenys alikuwa amekuwa wa pili miaka mitatu mfululizo, na aliposhuka alishuka kama mtu aliyemaliza habari hiyo.

Akapanda Norris. Akatandaza karata kwa upande wa kiganja. Saba ya uru ikachomoza.

Kura ikamwangukia Joost, Mholanzi mrefu mwenye koti la mistari. Nilikuwa safu ya tatu, nikamwona anavyoiona ile saba. Uso wake ukalegea, kama mtu aliyeona zipu ya mwenzake iko wazi na hataki wengine waone. Akanyoosha mkono, akaichukua.

Watu hawa wana ujanja mmoja wa zamani kuliko yote. Wanakufanya uchukue karata wanayoitaka wao, na wewe utaapa mbele ya hakimu kwamba umechagua mwenyewe. Wanauita kusukumiza. Na wao kwa wao wana adabu yake: ukigundua mwenzako anakusukumizia karata, unaichukua. Kimya kimya. Kuikataa ni kama kumwondolea mgeni kiti wakati anakaa. Joost aliona karata inachomoza mbele ya mzee mwenye vidole vigumu, akadhani mzee anasukumiza, na anasukumiza vibaya. Akamsaidia.

"Badilisha ukitaka," Norris akasema.

Hilo nalo ni balaa. Kila mwanamazingaombwe anafundishwa kusema hivyo, na kila mwanamazingaombwe anajua jibu.

"Hapana, nimeridhika," Joost akasema.

"Nakusihi, badilisha."

"Nimeridhika kabisa, mzee."

"Joost, mtoto wa watu, kuna nyingine hapa chungu nzima."

Ukumbi ukacheka. "Hii hii inanitosha," Joost akasema, akawaonyesha watu: saba ya uru.

Norris akairudisha, akamshukuru, akaomba mwingine. Akaja Clegg wa Oldham, mwenye duka la ndege. Akazitazama karata kwa huruma. Saba ya uru. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Norris akaomba mwingine tena, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayeita basi lililokwisha ondoka. Kura ikamwita Basil Thwaite.

Thwaite hajawahi kumtakia mtu mema. Aliwahi kumwandikia Norris barua ya kurasa nne juu ya tai yake. Nikasema moyoni, basi, tumepona. Thwaite akakaa, akaitazama saba ya uru, akafumba macho kidogo kama mtu anayetoa sadaka kubwa kuliko alivyopanga. Akaichukua.

Taa nyekundu ikawaka. Norris alikuwa amesimama pale, mikono mfukoni, na mchezo wake ulikuwa haujaanza.

Ukumbi ukasimama wote.

Fikiria walichokiona. Waliokaa mbali hawakuona karata imechomoza. Waliona mafundi watatu, mmoja wao Thwaite, wamepewa karata zote, wamebembelezwa wabadilishe, na wote wamechukua saba ya uru, na mzee hakuinua kidole. Na wale watatu hawakusema neno, kwa sababu kusema "mimi nilimsaidia" ni kuivunja adabu yenyewe. Walikuwa wamesimama nao wanapiga makofi.

Wakampa kombe. Glenys akawa wa pili. Mwenyekiti wetu, Desmond Whitlow, mtu mpole mwenye vipeperushi kila mfuko, akashika maikrofoni akasema kwamba mhadhiri wa Jumapili saa nne asubuhi, bwana mmoja wa Hamburg, amelazwa kwa sababu ya koo. Kwa hiyo mhadhara utatolewa na Norris Entwistle, na utaitwa "Kusukumiza Bila Mikono". Norris alisema kitu. Hakuna aliyesikia, makofi yalikuwa mengi.

Tulirudi kwa miguu kwa Bi Threlfall. Upepo ulikuwa unatusukuma pembeni kama mlevi. Tukapanda chumbani, tukakaa.

"Waambie ukweli," nikamwambia.

"Ukweli gani? Nikisema walinionea huruma, nawaumbua watu watatu mbele ya wenzao. Nikinyamaza, mchezo wangu umezikwa na juu ya kaburi wameandika jina la mchezo mwingine."

"Una kombe, lakini."

"Sikuja kuchukua kombe! Nilikuja wauone."

"Basi waonyeshe kesho. Una saa nzima."

"Nimwonyeshe nani? Yeyote atakayepanda atachukua saba. Leo wameichukua kwa adabu. Kesho wataichukua kwa heshima."

"Nitapanda mimi."

"Wewe ndiye unayebeba masanduku yangu. Hata Clegg atacheka."

Nikawaza nani mwingine. Mtu wa nje tukimleta, watasema tumempanga. Wa ndani wote walikuwa watu wema. Nilikuwa sijawahi kuona wema ukimfungia mtu njia namna ile.

Asubuhi, kwenye chai, Joost alikuja mezani kwetu akainama. "Mzee," akanong'ona, "usiwe na wasiwasi. Ilionekana kidogo tu. Sitamwambia mtu."

"Ilionekana nini?"

"Ulivyosukumiza."

"Mimi sikusukumiza, kijana."

Joost akamkonyeza. "Hivyo hivyo, mzee. Ushikilie hapo hapo."

Saa nne ukumbi ulikuwa umejaa, na kila mtu ana daftari. Norris alisimama nyuma ya meza yake ndogo yenye kitambaa cha kijani.

"Sina la kuwafundisha," akasema. "Jana sikusukumiza."

Jirani yangu akaandika, Hakusukumiza, akapiga mstari chini yake mara mbili.

"Acheni kuandika. Nawaambieni ukweli. Ile karata ni nene, ndiyo maana inachomoza. Ndiyo inayonifanyia kazi. Mtu akiichukua hiyo, mimi sina mchezo. Walioichukua jana waliichukua kwa adabu, wakidhani wananisaidia. Siwalaumu. Mimi mwenyewe ningeichukua."

Watu wakageuka kuwatafuta wale watatu. Clegg alikuwa anafunga kamba za viatu. Joost alikuwa anazitazama kamba za viatu vya Clegg. Thwaite alikuwa anasoma dari.

"Nimeufanya kwa watu mia mbili na kumi na nne," Norris akaendelea, "na haukuwahi kukataa, kwa sababu hawakunitakia mema. Hawakunitakia chochote. Walikuwa wanasubiri basi. Sasa naomba mtu mmoja humu ndani asiyenitakia mema. Apande, achague anavyotaka mwenyewe. Mmoja tu."

Hakuna aliyesimama.

Mtu alikohoa, wenzake wakamtazama, akaomba radhi.

"Jamani," Desmond akasema kwa maikrofoni, "hata mmoja? Bwana Thwaite?"

"Msinitazame mimi," Thwaite akasema. "Mimi jana nimeshajidhalilisha, na mnaona nilivyolipwa."

Hapo Glenys Hardcastle akasimama safu ya saba, koti lake jeusi bado amelivaa.

"Mimi simtakii mema," akasema.

"Asante sana, dada Glenys," Norris akasema, na alimaanisha.

Akapanda, akakaa. Norris akatandaza karata. Saba ya uru ikachomoza kama kawaida yake. Glenys akaionyesha kwa kidole bila kuigusa.

"Hii ndiyo inayokuua?"

"Hiyo hiyo."

"Nikiichukua?"

"Sina mchezo. Na hawa watasema nimesukumiza mara ya nne."

"Na kombe linabaki kwako."

"Nadhani hivyo."

"Nikichukua nyingine?"

"Mchezo unakwenda. Itajulikana kwamba ile ni mtumishi, na jana sikusukumiza mtu."

"Na kombe?"

Norris hakuwa amelifikiria hilo. Nilimwona analifikiria pale pale. Akamgeukia Desmond. Desmond akatoa kijitabu cha kanuni mfuko wa kushoto, akakirudisha, akatoa kingine mfuko wa kulia.

"Alipewa kwa kusukumiza," Desmond akasema pole pole. "Kama hakusukumiza, basi kwa kanuni, Norris, unisamehe, ulisimama tu dakika nane."

"Kwa hiyo linakwenda kwa wa pili," Glenys akasema.

"Kwa wa pili, ndiyo."

"Ambaye ni mimi." Akamtazama Norris kama mtu anayekagua samaki. "We mzee, unanihonga?"

"Sikuhongi. Chagua unachotaka."

Mkono wa Glenys ukaanza kwenda kushoto, mbali na saba. Kutoka nyuma kabisa ya ukumbi sauti ikasema, "Na hiyo nayo ni kusukumiza!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkono wa Glenys ukasimama hewani.

"Nani amesema?" akauliza. "Nani anasema mimi nasukumizwa? Miaka thelathini niko kwenye kazi hii. Mimi hanisukumizi mtu!"

Na kweli alikuwa amebanwa. Akichukua karata nyingine, watasema mzee amemnunua kwa kombe lake. Njia pekee ya kuwaonyesha kwamba hanunuliki ilikuwa kuchukua ile saba, na kwa saba hiyo angepoteza kombe, na Norris angepoteza siku yake ya mwisho. Mkono ukarudi kulia. Ukakaa juu ya saba ya uru. Norris aliutazama tu. Hakusema "nakusihi". Nadhani alikuwa amechoka kusihi.

"Toa mikono," Glenys akamwambia.

"Kwa nini?"

"Nataka kuiona. Isije ikawa unafanya kitu humo mfukoni."

Norris akaitoa, akaiweka juu ya kitambaa cha kijani. Ilikuwa asubuhi ya baridi na mikono ilikuwa mibaya: vifundo vimevimba, vidole vimelala upande mmoja kama majani ya mgomba baada ya upepo. Watu wa safu za mbele waliacha kucheka. Hawa wanaishi kwa mikono. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Glenys aliitazama kwa muda.

"Hii haisukumizi kitu," akasema, si kwa sauti kubwa. "Hii haiwezi kusukuma hata mlango."

"Haiwezi," Norris akakubali.

"Irudishe."

Norris akaitia mfukoni. Glenys akachukua karata kutoka upande wa kushoto, haraka, akaiinua juu wote waione: malkia wa shupaza.

"Badili..." Norris akaanza, kwa mazoea.

"Nyamaza, mzee."

Akairudisha kati ya zile nyingine, akazikusanya, akazikata. Na alizikata kwa ubaya, nasema kweli. Alikata mara kumi na moja. Mara nyingine alikata karata tatu tu, mara nyingine akaificha pakiti chini ya meza akakata huko huko. Norris alikuwa amesimama hatua mbili nyuma. Mtu angesema anasubiri basi yeye.

"Mara ya mwisho," Glenys akasema. Akakata, akaweka chini, akafunua ya juu.

Malkia wa shupaza.

Hakuna aliyesimama. Makofi watu hawa humpigia kila mtu. Nimewaona wakimpigia mhudumu aliyeangusha sahani. Hawakupiga. Kisha mzee mmoja wa safu ya pili, aliyekuwa fundi hata kabla ya Norris, akasema, "Hm." Nyuma yake mwingine akasema, "Hm." Ikapita ukumbini hivyo, safu kwa safu, na penseli zote zilikuwa chini.

Desmond akasahau maikrofoni. "Norris," akasema kwa sauti yake tu. "Hebu rudia."

Mwanamazingaombwe hamwombi mwenzake arudie. Anayeomba hivyo amekiri mbele za watu kwamba alikuwa anatazama na hakuona. Desmond alipogundua alichokisema akawa mwekundu mpaka masikioni, lakini kutoka upande wa kulia Thwaite naye akasema, "Ndiyo, rudia, bwana," kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Hapana," Norris akasema.

Alikuwa anatabasamu. Akainama azikusanye karata, vidole vikakataa, moja ikaanguka sakafuni. Glenys akapumua kwa nguvu, akamsogeza kwa kiwiko, akaanza kuzikusanya yeye.

"Na kombe langu liko wapi?" akamuuliza bila kuinua macho.

"Kwa Bi Threlfall. Asubuhi alikuwa na upungufu wa bakuli, nikamwazima. Ameweka mayai ya kuchemsha."

Glenys akaokota ile ya sakafuni, akaifuta kwa mkono wa koti.

"Mwambie asilisugue kwa waya," akasema, akaendelea kukusanya.